Kwenda Nyasa Bila Haraka

Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya wengi wetu tunaijua kwa usingizi. Unapanda basi la alfajiri, unasinzia Chalinze, unashtuliwa Msamvu na wauza korosho wanaogonga dirisha, unafumba macho Kitonga ukimwomba Mungu, na jua linapozama umefika, mgongo umekaza na hujaona kitu. Nimeipita hivyo miaka na miaka. Kila mara palikuwa na jambo linalonisukuma: msiba Iringa, barua ya uhamisho, mtoto wa kupeleka shule ya bweni, arusi ya binti wa kaka. Mtu mwenye jambo la kuwahi hatazami nje. Anasoma vibao vya kilomita.

Sasa mimi na mzee wangu tumestaafu. Yeye alikuwa fundi wa injini za treni TAZARA, mimi mwalimu wa historia, na hakuna tena wa kutukimbiza. Wanetu walitaka kutupandisha ndege twende Zanzibar. Tukawaambia pesa hiyohiyo tulipieni safari ya basi la utalii, ile ya kwenda taratibu na mwongozaji kutoka Dar hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tukilala njiani kila giza linapoingia. Nataka kuisifu safari hiyo, na kuisifu zaidi nchi tuliyopita, maana ndiyo hasa iliyotujaza.

Nianze na basi, kwa kuwa ndilo wazee wenzangu wanaloniuliza kwanza. Ilikuwa kosta iliyopunguzwa viti ili miguu ipate pa kunyooka, na mapazia ya kuzuia jua la mchana. Kijana wa basi alikuwa na kigoda cha mbao alichokipigilia kipande cha raba juu ili kisiteleze. Kila tuliposimama yeye ndiye wa kwanza kuruka chini. Anakiweka kigoda mlangoni, anakikanyaga mwenyewe kwanza aone kama kimekaa sawa, halafu anatoa kiwiko. Mkono hakuutoa, alitoa kiwiko, ili mzee ashike kwa nguvu anayoitaka yeye. "Taratibu, bibi, mguu wa kulia kwanza." Kabla hatujafika Mikumi alishajua nani goti lake la kushoto lina tatizo na nani ni la kulia. Mtu wa umri wetu akitajiwa safari, huifikiria ngazi ya basi kabla hajamfikiria twiga, na kampuni inayolielewa hilo imeshafanya nusu ya kazi.

Jambo la pili ni kuchimba dawa. Wengi wetu tunameza vidonge vya presha, na baadhi ya vidonge hivyo havimpi mtu nafasi ya kusubiri. Kwenye basi la abiria mzee huacha kunywa maji tangu jana yake, na hapo ndipo safari inapogeuka ugonjwa. Sisi tulikunywa maji yetu kwa amani. Dereva na mwongozaji walikuwa wamezipanga stendi na vituo vya mafuta vyenye vyoo safi, vya kukaa, na hatukupita saa mbili bila kushuka. Ukishuka unanyoosha miguu, unanunua muwa au machungwa, unamjulia hali mwenye kibanda. Safari ikawa ya vituo vingi vifupi, na katika vituo hivyo nikagundua ni kiasi gani cha nchi hii kimekuwa kikinipita ubavuni.

Mwongozaji wetu alikuwa binti wa Kihehe aliyesomea utalii, mwenye sauti ya chini na subira kubwa. Asubuhi ya kwanza alituamkia mmoja mmoja, shikamoo hadi kiti cha nyuma, akasubiri marahaba ya kila mtu. Kipaza sauti alikuwa nacho lakini hakukifanya redio. Alisema neno, akanyamaza, akatuacha tutazame. Naheshimu sana kazi hiyo. Kujua mambo wako wengi wanaojua. Kujua wakati wa kunyamaza ili mlima ujieleze wenyewe ni kipaji.

Morogoro tulikunywa chai tukiitazama milima ya Uluguru ikitoka ukunguni, tukaendelea. Baada ya mji nchi inafunguka. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata kwa takribani kilomita 50, kwa hiyo hata abiria wa kawaida humwona pundamilia bila kulipa kitu. Ila humwona kwa kufumba na kufumbua. Sisi tuliingia getini, tukalipa kiingilio cha Watanzania, tukashika njia ya vumbi kuelekea uwanda wa Mkata, majani yakiwa yamekauka na kufupika kama yanavyokuwa mwezi wa sita. Nyati walikuwa wamelala. Swala pala walitutazama, wakaendelea kula.

Kisha dereva akazima injini. Kundi la tembo lilikuwa linakuja kuvuka njia mbele yetu, majike watupu na watoto wao, bila papara yoyote. Tuliwasikia kabla hatujawaona vizuri: majani yaking'olewa, masikio yakipigwa ubavuni, mngurumo wa chini unaousikia kifuani zaidi ya masikioni. Mtoto mmoja mdogo alikuwa bado hajauzoea mkonga wake. Anauzungusha, anaukanyaga, anauinua tena. Jike lililoongoza lilisimama katikati ya njia likatuelekea, likakaa hivyo hadi wa mwisho amepita, ndipo likawafuata. Mzee wangu alinishika mkono wakati wote ule. Amefanya kazi miaka mingi katika reli inayopita porini Selous, lakini tembo alikuwa amemwona kutoka ndani ya treni inayokwenda.

Ukitoka Mikumi, barabara inapanda na kushuka milima hadi inaporomoka kwenye bonde la Ruaha Mkuu, na hapo inaanza nchi ya mibuyu. Inatanda mlimani pande zote mbili za barabara, mingine minene hata watu kumi wasingeizunguka kwa mikono. Msimu wa kiangazi haina jani hata moja. Tulisimama chini ya mmojawapo, mwongozaji akatueleza kwamba ua la mbuyu hufunguka jioni na kutoa harufu usiku, na wanaolichavusha ni popo. Shina halina mbao ya kupasua. Ni nyuzinyuzi zinazotunza maji, ndiyo maana tembo hulichokonoa wakati wa ukame. Nimekula ubuyu tangu utoto na nimewapa ubuyu wanangu na wajukuu zangu. Kuweka kiganja kwenye gome la mti wenyewe, lenye joto la jua na laini kuliko nilivyodhani, lilikuwa jambo jipya kwangu.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, maana hupiti pale bila kununua vitunguu, halafu tukaukabili mlima Kitonga.

Juu ya Kitonga nina haya ya kusema. Barabara hii yote ina historia ambayo vijana wanapaswa kuambiwa. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Rhodesia, Zambia, ambayo ilitegemea kusini kwa mafuta na kwa kusafirisha shaba yake, ikaelemewa. Mafuta yakaanza kupita huku kwetu, katika mapipa juu ya malori, kwa njia ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi kiasi kwamba ikaitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Ikafuata lami, ikafuata reli. Kwa hiyo unapopanda Kitonga, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, malori ya Zambia na Kongo yakikoroma mbele na nyuma yako, unapanda juu ya jasho la nchi changa zilizokataa kunyongwa na jirani. Dereva wetu alipanda kwa gia ya chini, hakumpita mtu. Hakuna aliyefumba macho. Mto Lukosi ulionekana chini kabisa, uzi wa fedha katikati ya msitu, na nyani walikuwa wamekaa juu ya kingo za barabara kama wazee wa baraza.

Kutoka pale juu hewa inabadilika. Ilula walikuwa wanapakia matenga ya nyanya, na akina mama wa kikundi chetu wakatoa sweta. Kabla ya mji wa Iringa mwongozaji aliomba basi lipunguze mwendo, akasema: "Hapa ndipo Lugalo."

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina la Lugalo kwa kambi ya jeshi na hospitali. Mimi nimeliandika ubaoni kwa chaki kila mwaka: tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalijificha vichakani na kwenye mawe, yakaisubiri safu ya Wajerumani ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, yakaisambaratisha kwa mikuki. Zelewski mwenyewe aliuawa pale. Watoto walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, palikuwa na milima?" Nikawajibu kwa kitabu. Sasa nikaona kwa macho: vilima vifupi, mawe makubwa, vichaka vya kutosha kuficha mtu aliyeinama, na njia moja tu ya kupita. Ukipaona hapo huhitaji kueleza tena mbinu ya vita. Nchi yenyewe inakueleza.

Iringa tulilala katika nyumba ya wageni yenye vyumba vya chini, na jambo hilo nalo nalisifu, hakuna aliyepandishwa ghorofa. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,500, na jioni yake inataka blanketi. Tulikunywa kahawa kwenye mgahawa wa Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003 kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu. Wahudumu ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unajaribu ishara zilizochorwa kwa ajili ya wageni. Mzee wangu, ambaye masikio yake yameharibiwa na injini za dizeli na kwenye migahawa huchoka kusema "eti?", alikaa pale kwa furaha kubwa. Aliagiza chai kwa vidole, ikaja chai. Akajifunza kusema asante kwa mkono, akaisema kwa kila mtu.

Jua lilipokaribia kutua tulipelekwa Gangilonga, lile jiwe kubwa linalosimama juu ya mji. Njia ya kupanda ni fupi, na kigoda kilitusaidia mahali pamoja penye mruko. Mji wote ulikuwa chini yetu: mabati, misalaba na minara ya misikiti, moshi wa jioni. Wahehe husimulia kwamba jiwe hili lilizungumza, na kwamba Mkwawa alikuwa akija hapa kutafakari.

Asubuhi tukaenda Kalenga. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, kijiji cha kawaida chenye mahindi na mbuzi, na ni vigumu kuamini kwamba hapa palikuwa na ngome yenye ukuta wa mawe ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga Oktoba 1894. Ngome ikaanguka, Mkwawa hakukamatwa. Alipigana porini karibu miaka minne zaidi, na rupia 5,000 zilizoahidiwa kwa kichwa chake hazikumpata wa kumuuza kwa muda mrefu. Julai 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi kuliko kutiwa mikononi mwao. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Nilipokuwa nafundisha, hapa ndipo darasa lilipokuwa kimya. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita kuu ya kwanza na kugawa mataifa, ndani yake una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Halikurudi. Ilipita miaka 35 hadi gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akatafuta kati ya mafuvu yaliyokuwa yamekusanywa huko, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Adam Sapi huyohuyo baadaye akawa Spika wa Bunge letu.

Fuvu lipo katika chumba kidogo, ndani ya kioo, pamoja na mikuki, ngao na silaha nyingine. Ni dogo kuliko nilivyolibeba kichwani miaka yote ile. Mzee wangu alivua kofia. Mama mmoja wa kikundi chetu, naye Mhehe, alisema "kamwene" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomsalimia mtu uliyemkuta nyumbani kwake, na mlinzi wa makumbusho akainamisha kichwa. Nilisimama mbele ya kioo kile nikawakumbuka wanafunzi wangu kwa majina. Natamani kila shule ya nchi hii ingepata basi la kuwaleta hapa. Kalenga ingekuwa katika nchi nyingine ingekuwa na foleni mlangoni. Sisi tulikuwa peke yetu, na mhifadhi alikuwa na muda wa kutujibu kila swali hadi maswali yakaisha.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, njia ya Mbeya. Nitapita haraka, kwa sababu picha zake zinajulikana: korongo lenye nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji, ndefu kuliko nyumba. Wengi wanakuja kwa ajili ya nguzo. Mimi nawaomba wakae zaidi kwenye kibanda cha mawe. Wachimbuzi walianza kazi hapa mwaka 1957 wakiongozwa na Clark Howell, wakakuta mashoka ya mawe kwa mamia, yakiwa mengi chini kama yalivyoachwa. Wataalamu huyakadiria kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Mhifadhi alinipa moja nilishike. Limechongwa pande zote mbili, linakaa kwenye kiganja vizuri kabisa, kidole gumba kinapata mahali pake. Aliyelichonga alikuwa na mkono wa ukubwa kama wangu.

Baada ya Mafinga kuna misonobari ya Sao Hill, kilomita kwa kilomita, na harufu yake inaingia hadi ndani ya basi. Kisha Makambako, mji wa upepo, ambapo barabara na reli hukutana. Hapo mwongozaji alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alikuwa amemsikia mzee wangu akizungumza na dereva, basi akamletea kipaza sauti pale kitini akamwomba, "Babu, hapa ni kwako. Tueleze wewe."

Akaeleza. Reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, Wachina, Watanzania na Wazambia wakiwa begani kwa bega. Aliwaeleza kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambacho wote walioifanyia kazi reli hiyo wanakikubali kuwa ndicho kigumu: mahandaki, madaraja, udongo unaoteleza kila masika. Alieleza namna fundi anavyousikiliza mlio wa injini inapopanda kutoka bonde la Kilombero, na namna baridi ya Makambako inavyomfanya mtu apashe vidole kabla ya kushika spana. Watu wakamuuliza maswali. Mtu ambaye nyumbani husema maneno machache kwa siku alizungumza hadi tukauona uwanda wa Usangu na mashamba ya mpunga, na alipomaliza basi zima lilimpigia makofi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuisikia kazi yake ikielezwa hivyo.

Mbeya tulilala tu. Ni mji mkubwa, una baridi na una nyama choma nzuri, mlima Loleza umeusimamia, lakini siku hiyo miili ilitaka kitanda, na ratiba ikatupa kitanda. Asubuhi hatukuamshwa mapema.

Kutoka Uyole barabara inashika kusini, na hapo, wasomaji wangu, naomba mtu asilale. Wilaya ya Rungwe ni kijani kisicho na mwisho. Mlima Rungwe wenyewe unafika karibu mita 2,960, ni volkano iliyopoa, na udongo wake unakubali kila kitu: chai, viazi, migomba, maparachichi, kahawa. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na hata mwezi wa sita ukungu ulikuwa unatembea barabarani. Wanyakyusa walitusalimu "mugonile", tukafundishwa kujibu "ndaga". Katika misitu ya mlima huu ndimo watafiti walimokuta, mwaka 2003, kima ambaye sayansi ilikuwa haimjui, kipunji, na baada ya kumchunguza wakaona wampe kundi lake la peke yake. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja siku zote.

Wenye magoti mazuri waliteremshwa waende Ziwa Ngosi, ziwa lililo ndani ya kreta juu ya milima ya Uporoto. Kwa wazee wenzangu nasema wazi: msiende. Njia ni mwinuko wa msituni, ina utelezi, na kushuka kunaumiza kuliko kupanda. Sisi tulibaki kwa mama mmoja mwenye mgahawa, tukala ndizi za kupika na maharage, tukanywa chai iliyochumwa kwenye mashamba tunayoyaona mlangoni, tukasikia habari za wajukuu zake wote.

Badala ya Ngosi, mzee aende Daraja la Mungu, jirani na chuo cha magereza Kiwira, ambako basi linafika karibu. Zamani lava kutoka mlimani ilishuka ikakutana na mto, ikapoa na kuganda juu, maji yakatafuta njia chini. Limebaki tao la jiwe ambalo hakuna mwashi aliyeligusa, limevaa majani na mizizi, na mto Kiwira unapita chini yake kwa nguvu. Mbele kidogo kuna Kijungu, ambapo mto huohuo unamiminika ndani ya shimo la mwamba la mviringo, unazunguka humo ukichemka povu, halafu unatoka kwa chini. Tulikaa kwenye jiwe, rasharasha za maji usoni. Mwongozaji hakusema kitu. Alitandika khanga tukalie, akaenda kukaa mbali kidogo na sisi.

Halafu barabara inashuka Kyela, na sweta zinavuliwa moja moja. Ndani ya saa moja unatoka kwenye ukungu unaingia kwenye joto, kutoka kwenye chai hadi kwenye mpunga na kakao. Mbegu za kakao zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, zikitoa harufu ya chachu, na mtoto alikuwa akizigeuza kwa mguu, mstari baada ya mstari. Mchele wa Kyela hauhitaji sifa zangu. Kila mpishi anaujua. Ila kuula ukiwa Kyela, umepikwa kwa nazi, pembeni samaki mbasa wa kukaanga, ni jambo ambalo mwili unalikumbuka.

Matema iko mahali ambapo Ziwa Nyasa linaishia kaskazini. Milima ya Livingstone inasimama kutoka majini moja kwa moja, haina uwanda, haina miteremko ya kubembeleza. Maji, kisha mlima. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kina cha mita 700 hivi, na halina chumvi wala maji kupwa na kujaa. Kwa mzee hilo ni zawadi. Mchanga unashuka taratibu, maji ni ya uvuguvugu, hakuna mkondo wa kukuvuta asubuhi kunapokuwa shwari. Mzee wangu ni mtu wa bara, hajajifunza kuogelea. Aliingia hadi kifuani, akasimama humo, magoti yake yakapumzika na uzito wake mwenyewe. Alikaa hadi vidole vikakunjamana.

Ukitazama chini, samaki wadogo wenye rangi ya samawati wanazunguka miguu yako. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na aina nyingi ni za hapa tu. Majike ya samaki hao wa rangi hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Mvuvi mmoja alitusimulia hayo akiwa anatengeneza wavu, naye aliyajua kutoka kwa baba yake.

Hapakuwa na ratiba Matema. Tuliamka, tukaoga ziwani, tukala, tukalala mchana chini ya miembe, tukasikiliza ngurumo ya mawimbi jioni upepo ulipoinuka. Wenye nguvu walikwenda kwa mtumbwi kijiji cha Ikombe, kwa akina mama wa Kikisi wafinyanzi. Sisi tulisubiri Jumamosi, maana Jumamosi vyungu vinakuja vyenyewe, kwa mitumbwi, hadi soko la Lyulilo, umbali wa kutembea kutoka tulipolala.

Vilikuwa vimepangwa mchangani vikielekea jua, vikubwa vya maji na vidogo vya mboga, rangi ya udongo mweupe na michoro ya wekundu shingoni. Nilichagua kimoja cha tumbo pana. Mama muuzaji, mtu wa umri wangu, alikichukua mkononi mwangu, akakigonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio. Akakiweka pembeni. "Hicho kina ufa ndani, dada. Hauonekani." Akanitafutia kingine, akakigonga, kikalia vizuri, akanikabidhi pamoja na maagizo: kiloweke usiku kucha, kichemshie uji mwepesi kwanza, ndipo upikie mchuzi, na usikiweke kwenye moto mkali kabla hakijakuzoea. Nikanunua viwili. Kijana wa basi alivifunga kwa majani makavu ya mgomba, akavipanga chini ya siti za nyuma pamoja na vya wenzetu, na dereva akaja kuhakikisha mwenyewe, akaahidi kuyavuka matuta yote polepole hadi Dar.